Alalaye Garini si Mhuni

Liko neno ambalo limekwisha zoeleka mno mjini Dodoma na katika miji midogo iliyo kando ya barabara kuu ya kati. Husemwa barazani, husemwa sokoni, na wakati mwingine husemwa hata katika vikao vya watu wenye dhamana. Neno lenyewe ni kwamba wale wanaolala ndani ya malori kando ya njia ni wahuni, watu wasio na kwao, waletao uchafu, wizi na maradhi; na kwamba mji ungepata nafuu kama wangefukuzwa. Sisi hatukubaliani na neno hilo. Tena twaliona ni neno la hatari, kwa sababu linatoka vinywani mwa wafanyakazi na kuwaangukia wafanyakazi wenzao.

Tuanze kwa kuwatazama watu hawa jinsi walivyo. Mtu atokaye Dodoma mjini kuelekea Singida, akipita Nala penye mizani ya magari saa 4 za usiku, atayaona malori yamepangana kando ya barabara. Mengine yametoka bandari ya Dar es Salaam, yapata kilomita 450 nyuma, nayo yanakwenda Rwanda, Burundi, Uganda au Kongo ya mashariki. Mengine yana mahindi ya Kibaigwa, mengine yana alizeti ya Singida, mengine yana saruji na nondo. Upande usiopigwa na upepo limewekwa jiko dogo, na juu yake sufuria ya ugali. Dumu la maji limefungwa kwa kamba chini ya trela. Shati limeanikwa kwenye kioo cha pembeni. Utingo anakagua matairi kwa tochi, na dereva anapiga simu nyumbani kuuliza kama mtoto amepona. Baada ya hapo mmoja atapanda kitanda chembamba kilicho nyuma ya viti, na mwenzake atajikunja juu ya viti vyenyewe. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya uwanda huu hupenya mpaka mifupani, nao watalala na makoti yao.

Hapo ndipo kwao kwa usiku ule. Usiku wa pili kwao kutakuwa Misigiri au Nzega, wa tatu Kahama, wa nne Nyakanazi au Benaco, na mpakani Rusumo huenda wakalala siku kadhaa wakingoja karatasi. Kisha watarudi kwa njia ile ile. Katika mwezi mmoja, mtu wa namna hii hulala katika kitanda cha nyumba yake siku za kuhesabika kwa vidole.

KWA NINI WANALALA HUMO

Msomaji asidhani kwamba dereva analala garini kwa sababu hana nyumba au hapendi kitanda. Wengi wana nyumba, wana wake, wana watoto shuleni. Wanalala garini kwa sababu tatu, na hakuna hata moja katika hizo iliyo ya uhuni.

Sababu ya kwanza ni mzigo. Ndani ya lori moja mna mali ya thamani kubwa, na gari lenyewe lina mafuta katika tangi, lina betri, lina matairi ya akiba na turubai. Vyote hivyo vina wanaovitamani. Kikipotea kimoja, swali la kwanza la mwenye gari ni hili: wewe dereva ulikuwa wapi? Mtu ambaye akiondoka ataulizwa hawezi kuondoka.

Sababu ya pili ni fedha. Madereva wengi hupewa fedha ya safari kwa mkupuo, ile wanayoiita mileji. Katika fedha hiyo ale yeye na utingo, alipie maegesho, azibe pancha, na kitakachobaki akipeleke nyumbani. Kwa hiyo kila usiku atakaolala nyumba ya wageni ameutoa katika unga na daftari za watoto wake. Nani kati yetu, akipewa hiari hiyo, asingelala garini?

Sababu ya tatu ni nafasi. Nyumba nyingi za wageni katika miji yetu hazina uwanja wa kuingiza gari lenye ekseli sita au saba. Penye uwanja hapana choo. Penye choo hapana taa. Na penye vyote viwili pamejaa kabla ya jua kuchwa. Basi dereva husimama pale anapoweza, na asubuhi huamshwa kwa kugongewa mlango, akaambiwa kwamba amekosea.

KULALA KWAKE NI KAZI

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wafikiri kwa makini. Tukimweka mlinzi langoni pa ghala tangu magharibi hata alfajiri, tunajua ya kuwa anafanya kazi, na mwisho wa mwezi tunamlipa. Hata kama usiku kucha hakutokea mwizi, hatusemi kwamba alikuwa amekaa bure. Lakini dereva akikaa usiku kucha juu ya mzigo ule ule, akiamka kila asikiapo kishindo, tunasema amelala. Mchana anahesabiwa dereva, usiku hahesabiwi kitu, na hali ndiye mlinzi.

Na tuyatazame mambo yetu wenyewe. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, maelfu ya watumishi wamekuja kufanya kazi katika mji huu, ambao mwaka 2018 ulipewa hadhi ya jiji. Mtumishi anapotumwa kwenda kulala nje ya kituo chake hupewa posho ya kujikimu kwa kila usiku, na ni haki yake, kwa maana mtu aliye mbali na nyumba yake kwa ajili ya kazi ana gharama za kula na za kulala. Hatusemi posho hiyo iondolewe. Twauliza tu: kama usiku mmoja mbali na nyumbani una bei kwa karani, kwa nini usiku 20 wa dereva hauna? Je, saruji iliyojenga ofisi za Mtumba ilikuja kwa miguu yake?

Wako wenye magari wasemao kwamba gari za siku hizi zina kitanda, kwa hiyo dereva amekwisha pewa malazi. Hoja hii si ya kweli. Kitanda kile ni chombo cha kazi kama jeki na spana. Kinamfaa mtu kwa usiku mmoja au miwili ya dharura, lakini hakina choo, hakina maji ya kuoga, wala hakina mlango ambao akiufunga atakuwa ametoka kazini. Tena kitanda ni kimoja na watu ni wawili. Utingo amepewa malazi gani?

WALIOTUTANGULIA

Nchi hii ya kati haijaanza leo kupitiwa na watu wanaolala njiani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipumzika Mpwapwa, ikaivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ndipo ikaingia Ugogo. Wapagazi wake, ambao wengi walikuwa Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi bara na nguo, shanga na waya. Usiku walilala nje, wakajizungushia boma la miiba na kuwasha moto. Watawala wa Ugogo waliwatoza hongo, na wenyeji wakawauzia maji na nafaka. Magomvi yalikuwako, lakini kila upande ulijua kwamba unamhitaji mwenzake.

Je, wapagazi wale walikuwa wahuni? Huko kwao Unyamwezi haikuwa hivyo hata kidogo. Kijana ambaye hajapata kwenda pwani alihesabiwa bado hajakomaa, na aliyerudi na mzigo alipokewa kwa heshima. Mtu alipimwa kwa kazi aliyoifanya na umbali aliotembea, wala hakupimwa kwa mahali alipolaza ubavu.

Baadaye ikaja reli, ambayo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli nayo ilikuwa na wafanyakazi walalao mbali na kwao, yaani madereva wa treni na walinzi wake. Lakini katika utaratibu wa reli zilijengwa nyumba za mapumziko katika vituo vikubwa, mtu akishuka kwenye injini aoge, ale na alale, na mwenzake aichukue treni. Hakuna aliyewaita wahuni. Kazi ni ile ile ya kupeleka shehena bara; tofauti ni kwamba mmoja alijengewa chumba na mwingine akaachiwa kando ya njia. Kwa hiyo kinachomfanya mtu aonekane mhuni si tabia yake. Ni kukosa chumba, na baada ya kumnyima chumba twamlaumu kwa kukikosa.

Wengine husema reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, italimaliza jambo hili lenyewe. Tunaifurahia reli, lakini reli ina mwisho wake, na pale inapoishia ndipo lori linapoanza. Mahindi ya kijijini hayapandi treni shambani.

TUHUMA NA UKWELI WAKE

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera. Haukupita muda mrefu, dereva wa lori akawekwa mbele kabisa katika orodha ya wanaolaumiwa. Ni kweli kwamba maradhi yale yalisafiri kwa njia kuu. Lakini tujiulize yalisafirije. Mtu anakaa majuma mengi mbali na mkewe. Anangoja siku kwa siku kwenye mizani na mipaka. Zahanati hufungwa kabla hajawasili na kufunguliwa baada ya yeye kuondoka. Maisha ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa mlango wa maradhi. Kumtukana dereva hakukuufunga mlango huo, kulimfanya ajifiche tu. Kilichosaidia ni kumpelekea ushauri, kinga na vipimo pale pale anapoegesha gari.

Je, tulijifunza? Ulipofika ugonjwa wa korona mwaka 2020, tuliyaona yale yale. Mwezi wa Mei malori yalipanga foleni ndefu Namanga, madereva wakilala garini kungoja majibu ya vipimo. Huko Rusumo pakatokea mgogoro juu ya agizo kwamba dereva akabidhi gari lake kwa mwenzake wa upande wa pili. Kila nchi ililinda watu wake, na hilo lafahamika. Lakini angalia: wakati huo huo kila nchi ilitaka unga, mafuta na dawa zipite bila kuchelewa. Mzigo ulikaribishwa, mchukuzi akanyoshewa kidole.

Na iko tabia nyingine iliyo mbaya zaidi. Lori likipinduka, watu hukimbilia mzigo kabla ya kumtazama aliyenaswa katika usukani, kana kwamba ajali ya mwenzao ni mavuno. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, katika barabara hii hii ya kuja Dodoma, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Msiba ule ulikuwa mzito, nasi hatuutaji ili kuwasuta marehemu. Twautaja kwa sababu unaonyesha mahali tunapofikia tukiliona lori bila kumwona mtu aliye ndani yake.

Haki ina pande mbili, nasi hatutaficha upande wa pili. Wako madereva wanaouza mafuta ya gari kando ya njia. Wako wanaotupa chupa za mkojo na takataka mbele ya nyumba za watu. Wako wanaoegesha penye kona, wakasababisha vifo usiku. Na wako wanaowarubuni watoto wa shule kwa chipsi na lifti. Hao wa mwisho wakumbuke kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi, nasi hatuna neno la kuwatetea. Mwizi na ashitakiwe kwa wizi, na mharibifu kwa uharibifu wake. Lakini makosa hayo yana wenyewe. Karani mmoja akiiba fedha za ofisi, hatusemi makarani wote wafukuzwe mjini. Na habari ya chupa za mkojo, tuulize kwanza choo kiko wapi.

SHERIA IPO

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Kwamba kati ya siku ya kazi na siku nyingine mfanyakazi apate, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo. Na kwamba kila juma apumzike saa 24. Inataka pia masharti ya kazi yaandikwe. Madereva walipogoma mwezi wa Aprili na wa Mei mwaka 2015, moja ya madai yao makubwa lilikuwa hilo hilo la mikataba. Hawakuwa wakiomba fadhila mpya, walikuwa wakidai kilichokwisha andikwa. Na mpaka leo wako wanaoendesha kama deiwaka, leo gari hili na kesho lile, bila karatasi yoyote mkononi.

Nchi nyingine nazo zimepambana na jambo hili. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba dereva haruhusiwi kuchukua mapumziko yake ya kawaida ya juma ndani ya gari, na mwaka 2020 kanuni mpya ikamtaka mwajiri alipe gharama ya malazi hayo. Huko Marekani, mwaka 2009 dereva mmoja aliuawa akiwa amepumzika garini katika kituo cha mafuta kilichoachwa, kwa kuwa hakupata mahali salama pa kuegesha. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kuangalia upungufu wa maegesho. Hatusemi tuige kila kitu. Twasema tu kwamba hata mataifa yenye utajiri mwingi na magari mazuri yametambua kwamba gari si nyumba.

Tena jambo hili si la dereva peke yake. Dereva asiyelala vizuri Nala ndiye atakayesinzia Manyoni, na mbele yake kuna basi lenye abiria. Huenda abiria mmojawapo ni yule yule aliyesema wafukuzwe.

LA KUFANYA

Halmashauri zilizo katika barabara hii, kuanzia Gairo na Kongwa mpaka Dodoma, Manyoni na Singida, hazina budi kutenga viwanja vya kuegesha vyenye choo, maji, taa na ulinzi, kwa ushuru ambao mtu wa kawaida anaweza kuulipa. Ushuru ukitozwa na choo kisijengwe, hilo ni hongo la kale lililorudi, tena bila maji. Barabara ya mzunguko ya Dodoma ya kilomita 112.3, ambayo Rais aliiwekea jiwe la msingi mwaka 2022, imekusudiwa kuyaondoa malori katikati ya jiji. Ni jambo jema. Lakini ardhi ya maegesho kando yake itengwe mapema, kabla viwanja havijagawiwa vyote. La sivyo tutakuwa tumewahamisha watu gizani ili tusiwaone.

Wenye magari na waandike mikataba, wahesabu usiku wa njiani kuwa una gharama, na wasimpigie dereva simu saa 8 za usiku kumwuliza kwa nini gari limesimama. Vyama vya wafanyakazi visingoje wanachama hawa waje ofisini saa za kazi, maana saa hizo wako njiani. Viwafuate kwenye maegesho jioni, na mkutano wa tawi ufanyike pale pale.

Na sisi wanachama? TANU ilipoanzisha mpango wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, nia ilikuwa kwamba asiwepo mtu ambaye shida yake haina wa kuisikia. Lakini mpango ule ulihesabu nyumba, na nyumba ya dereva haikai mahali pamoja. Basi ni nani balozi wake? Katika Sensa ya Agosti 2022 hata watu waliokuwa safarini waliwekewa utaratibu wa kuhesabiwa. Kama taifa liliweza kuwakumbuka usiku ule mmoja, balozi wa Nala, wa Kibaigwa au wa Misigiri hashindwi kuwakumbuka usiku mwingine: kujua nani amelala hapo, nani mgonjwa, nani ameibiwa, na pia nani amechafua aonywe.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama lishe wa Kibaigwa anaujua ukweli wa methali hii kuliko wengi wetu, kwa maana watoto wake wanasoma kwa sahani za wali anazowauzia watu hawa. Yeye hawaiti wahuni. Anawajua kwa majina, anajua nani hali pilipili na nani mkewe amejifungua. Sisi nasi tuanze hapo. Tupitapo usiku na kuona taa ndogo ndani ya lori, tujue kwamba humo mna mfanyakazi, na kwamba bado yumo kazini.